Tiara ya nyuzi mbili ikianguka kifudifudi: Namna ya kuirusha tena bila kuivunja

Na MWANDISHI WETU

WAHENGA walinena kuwa kuteleza si kuanguka. Kwa mrushaji wa tiara ya nyuzi mbili, hata kuanguka kwenyewe si mwisho wa mchezo, mradi ajue la kufanya mara tu tiara inapogonga ardhi.

Tiara nyingi hazivunjwi na kule kuanguka. Huvunjwa na mwenyewe, pale anapozivuta nyuzi zote mbili kwa nguvu akidhani kwamba ataiinua, ilhali tiara imelala kifudifudi na pua yake imekita ardhini.

Makala haya yanafafanua namna ya kuirusha tena tiara ya aina hiyo. Yanawahusu hasa wakazi wa Hurlingham na sehemu nyingine za magharibi mwa Nairobi, ambako majengo marefu huufanya upepo kuwa kigeugeu.

TIARA YA NYUZI MBILI NI IPI?

Tiara, ambayo wengine huiita kishada, si kitu kigeni kwetu. Watoto wa Pwani huiunda kwa chelewa za mnazi, karatasi na gundi ya unga. Wenzao wa Nairobi walizoea kutumia mifuko ya plastiki, hadi Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya kubebea bidhaa Agosti 28, 2017.

Tiara hiyo ya kawaida ina uzi mmoja na mkia. Hupanda, ikatulia angani, na mrushaji hana uwezo mkubwa wa kuiamuru iende kushoto au kulia.

Tiara ya nyuzi mbili ni tofauti. Kila bawa lina uzi wake, na kila uzi una mkono wake. Ukivuta uzi wa kulia tiara hugeukia kulia. Ukivuta wa kushoto hugeukia kushoto. Mikono ikiwa sawa huenda moja kwa moja kule pua ilikoelekea, hata kama ni ardhini.

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, Paul Garber wa jeshi la wanamaji la Marekani alibuni tiara iliyoongozwa kwa nyuzi mbili. Ilichorwa umbo la ndege ya adui ili wapiga mizinga wajifunze shabaha. Mwaka wa 1972 Mwingereza Peter Powell alianzisha tiara yake ya nyuzi mbili, na mchezo huo ukaenea miongoni mwa raia.

Tiara nyingi za kisasa za aina hii zina umbo la pembetatu pana. Kitambaa ni cha nailoni au poliesta, na vijiti ni vya nyuzi za kioo au za kaboni. Uti mmoja hupita katikati, vijiti viwili hushikilia kingo za mbele za mabawa, na vingine hukingama ili kulitanua umbo lote. Upande wa uso, yaani ule unaomtazama mrushaji, kuna kamba fupi ziitwazo hatamu, ambazo nyuzi ndefu hufungwa kwazo.

KWA NINI HUANGUKA HURLINGHAM?

Upepo wa Nairobi hutoka zaidi mashariki na kaskazini-mashariki. Huwa na nguvu zaidi katika miezi ya kiangazi kabla ya mvua za masika, na hudhoofika katika baridi ya Juni na Julai. Tiara ya kawaida ya nyuzi mbili huhitaji upepo wa kati ya kilomita 10 na 25 kwa saa.

Ipo pia sababu ya mwinuko. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita. Kwa hivyo tiara iliyoruka vyema ufuoni itahitaji upepo wenye kasi zaidi ya hapo, kwa takriban asilimia 10, ili ipate nguvu ileile Nairobi.

Hata hivyo, tatizo kubwa ni majengo. Nyumba za ghorofa zimechukua mahali pa nyumba nyingi za zamani zilizokuwa na bustani pana. Upepo ukilipiga ghorofa huvunjika na kuzunguka nyuma yake. Kwa kawaida warushaji hushauriwa wakae umbali wa kati ya mara saba na kumi ya kimo cha jengo lililo upande unakotoka upepo. Jengo la mita 30, basi, linahitaji umbali wa mita 210 hadi 300, na viwanja vya namna hiyo ni adimu mtaani humo.

Matokeo yake ni kwamba upepo hukatika ghafla, nyuzi hulegea, na tiara isiyo na mvuto haitii mkono. Hapo ndipo inapoanguka.

TAZAMA KABLA YA KUVUTA

Kabla ya lolote lile, legeza nyuzi kwa kupiga hatua moja au mbili mbele. Hatua hiyo huondoa mzigo kwenye vijiti na kukupa nafasi ya kutazama jinsi tiara ilivyolala.

Ikiwa imelala chali, pua ikielekea mbali nawe, hakuna tatizo. Vuta nyuzi zote mbili polepole na kwa usawa. Ncha za mabawa zitajikita ardhini, pua itainuka, na tiara itasimama tayari kuruka.

Ikiwa imesimamia pua huku uso ukikutazama, au imelala bapa uso chini, usivute nyuzi zote mbili. Nguvu yako yote itaishia kwenye pua na kingo za mbele, na kijiti kinaweza kukatika.

Angalia pia umbo. Bawa likionekana limekunjika au limelegea, huenda kijiti cha kukingama kimechomoka mahali pake. Ukivuta katika hali hiyo kitambaa kitachanika. Nenda ukakirudishe kwanza.

IKIWA IMESIMAMIA PUA

Hali hii ndiyo inayotokea mara nyingi, na inaweza kurekebishwa bila kuondoka uliposimama. Siri yake ni kutumia uzi mmoja tu.

Kwanza, chagua upande. Ikiwa pua imeelemea kushoto kwako, utavuta uzi wa kulia. Ikiwa imeelemea kulia, utavuta wa kushoto. Tuseme umechagua wa kulia.

Pili, hakikisha kwamba hakuna mtu wala kitu upande wa kushoto wa tiara, kwa kuwa ndiko itakakoelekea mwanzoni.

Tatu, vuta uzi wa kulia polepole huku mkono wa kushoto ukiupeleka mbele ili uzi wake ulegee. Tiara itaviringika kama mshale wa saa unavyozunguka, hadi ilalie ukingo wa mbele wa bawa la kushoto. Pua sasa itakuwa imeelekea kushoto, na bawa la kulia litakuwa juu.

Nne, endelea na mkono uleule. Rudi nyuma hatua chache huku uzi wa bawa la juu ukiwa umekazwa. Upepo utashika kitambaa, tiara itaacha ardhi, na pua itaanza kugeuka kuelekea juu.

Tano, pua inapotazama juu, sawazisha mikono mara moja. Anayechelewa hapa ataiona tiara ikizidi kugeuka na kurudi chini kwa kasi kuliko mara ya kwanza.

Waliobobea huimalizia tiara mzunguko wote ikiwa ardhini. Huisogelea kidogo ili iegemee nyuma, kisha huuvuta uzi mmoja kwa mkupuo huku wakiuachia wa pili, nayo ikabingirika hadi isimame kwa ncha za mabawa. Anayejifunza asione haya kuiacha itulie hapo kwanza kabla ya kuirusha.

Nyuzi zikijisokota mara moja au mbili katika shughuli hiyo, usihangaike. Nyuzi za kisasa huteleza, na tiara itaendelea kutii. Zifungue baadaye ikiwa angani kwa kuizungusha upande wa pili.

IKIWA IMELALA BAPA USO CHINI

Hapa hali ni ngumu zaidi. Hatamu ziko chini ya kitambaa, na nyuzi zimepita chini yake pia. Kuvuta kwa pamoja hakuiinui tiara. Huikokota tu, ikakwaruzwa na mawe.

Jaribu uzi mmoja kwa upole ili tiara igeuke kidogo na upepo upate pa kupenya. Likiinuka bawa moja, endelea kwa utaratibu ulioelezwa hapo juu. Ukijaribu mara mbili bila mafanikio, acha. Kutembea mita 30 ni nafuu kuliko kununua kijiti kipya.

Usiviache vishikio ovyo. Vifunge kwenye kigingi kilichokitwa imara ardhini, kisha uiendee tiara, uisimamishe kwa ncha za mabawa na kuilaza nyuma kidogo ili upepo usiirushe ukiwa njiani kurudi.

Mwenzio akiwa upande wa tiara, mwambie aisimamishe na kuishika mpaka umpe ishara. Wala asiguse nyuzi zilizokazwa. Ni nyembamba, zina nguvu nyingi, na zinaweza kukata ngozi.

FUNZO LA PWANI

Kanuni hii ya uzi mmoja haiishii kwenye viwanja vya Nairobi. Huko Diani na Watamu, na Paje kisiwani Unguja, wanaoteleza juu ya maji kwa kuvutwa na tiara kubwa za kujazwa hewa huikumba shida hiyohiyo tiara inapoangukia baharini. Wao pia huvuta uzi mmoja wa usukani, wakaingoja tiara isogee pembeni mwa upepo na kusimama kwa ncha ya bawa, ndipo wairuhusu ipande.

Pembeni mwa upepo mvuto ni mdogo. Kuirusha tiara ikiwa katikati kabisa, upepo ukiwa mkali, ni kuualika mvuto wote kwa mkupuo mmoja.

WAYA ZA UMEME

Kuna mahali ambapo maelezo yote yaliyotangulia hayana kazi. Tiara ikiangukia waya za umeme, achia vishikio papo hapo na uondoke. Usivute uzi, usitume mtoto kupanda, wala usitumie ufito. Piga simu kwa kampuni ya umeme, Kenya Power.

Uzi wenye unyevu hupitisha umeme, na vijiti vya kaboni huupitisha hata vikiwa vikavu. Usirushe tiara mvua inapokaribia wala radi inaponguruma. Jiepushe pia na maeneo ya Uwanja wa Ndege wa Wilson, ulio kilomita chache kutoka Hurlingham, kwa sababu ndege ndogo huruka chini zinapotua na kupaa.

Hatari ya mwisho ni barabara. Mtoto aliyeona tiara yake ikianguka hutazama tiara, hatazami magari ya Argwings Kodhek. Mzazi amfundishe mapema kwamba tiara ikianguka, kitu cha kwanza ni kusimama. Kisha alegeze nyuzi, atazame, na achague uzi mmoja.