Mtwara ni mbali na wapi?

Najua nimepotea. Semista ilibana, bumu nalo likachelewa kama kawaida yake, tuyaache hayo. Leo naandika historia, somo langu la kufundishia, ila aliyenichokoza ni mgeni.

Mgeni mwenyewe ni mshkaji wangu wa darasani, mtoto wa Bukoba, ambaye wikiendi iliyopita nilimpeleka nyumbani kwetu Mpapura, Mtwara Vijijini. Sisi wa ualimu tuna utani mmoja: ukitaka kumtisha mwenzako unamwambia "we subiri, watakupangia Mtwara." Darasa zima linacheka. Jamaa alikuwa kinara wa utani huo, na ndani ya basi, tangu Mbagala mpaka tunashuka, neno lake lilikuwa moja tu: mbali. Sasa jamani, Dar mpaka Mtwara ni kama kilomita 560. Dar mpaka Bukoba ni zaidi ya 1,300. Nikamuuliza, kati yetu nani anatoka mbali? Akajibu, "Sawa, lakini Bukoba si mbali namna hii."

Nilicheka, ila jibu lile limenikaa kichwani, maana lina ukweli ndani yake. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, na kutoka Mwanza unapanda meli unavuka ziwa mpaka Bukoba. Kwa hiyo babu yake alikuwa na njia ya kutoka kwao mpaka Dar tangu enzi za Mwingereza. Babu yangu mimi hakuwa nayo. Umbali wa kusini umetengenezwa, na ukitaka kujua nani kautengeneza, tembeza mgeni.

Jumamosi asubuhi nilimpeleka Mikindani. Wengi mnaijua kwa ile Boma ya Wajerumani ya mwaka 1895, ambayo baadaye ilikarabatiwa ikawa hoteli. Lakini Mikindani ni mji mkongwe kuliko Boma yake. Ghuba imetulia, majahazi yalikuwa yakiingia na kutoka, Kilwa, Unguja, Komoro, na bidhaa za bara zikiteremka hapo kwa miguu, pembe za ndovu na, tusifiche, watumwa pia. Mwaka 1866 Livingstone alianzia hapo safari yake ya mwisho, akiwa na ngamia, nyati, nyumbu na punda, alitaka kuwajaribu kama wanahimili mbung'o. (Fikiria sura za wenyeji walipoona ngamia anapita!) Hakurudi, alifia huko Zambia ya leo mwaka 1873. Ninachotaka mkione ni hiki: aliyetaka kuingia bara alikuja kwetu. Barabara ilikuwa bahari, na Mikindani ilikuwa mlangoni. Mtu wa Mikindani wa wakati ule ungemwambia anaishi mbali, angekuuliza, mbali na wapi?

Mchana tukaenda Mtwara mjini kuiangalia bandari kwa nje. Hapa ndipo kwenye kisa ninachokipenda. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza walitaka mafuta ya kula, wakaanzisha mradi wa karanga mwaka 1947, Kongwa, Urambo na huku kwetu Nachingwea. Wakajenga bandari ya kina kirefu Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga zikagoma. Mradi ukafutwa 1951, pauni milioni 36 zimeliwa na vichaka, na bandari ikafunguliwa 1954, yaani mzigo uliokuwa unasubiriwa ulikuwa umeshakufa. Reli ikafungwa 1962 kisha ikang'olewa. Mgeni akauliza kwa nini hawakuiunganisha tu na reli ya kati. Swali zuri. Kwa sababu haikujengwa kwa ajili yetu kusafiri, ilijengwa kwa ajili ya karanga kuondoka. Reli nzima ilikuwa haigusi reli nyingine yoyote nchini.

Jioni, Mpapura, Babu mzaa mama alitukuta tunakula ming'oko kwa chumvi na pilipili. Mgeni akampa shikamoo yake vizuri, akaitwa mjukuu hapo hapo, stori zikaanza. Babu aliiona hiyo treni alipokuwa mdogo, anasema moshi wake ulimtisha kuliko kelele. Halafu akaingia kwenye stori za Ndundu. Kwa wasiojua, kabla ya Daraja la Mkapa basi lilikuwa linavushwa Rufiji kwa pantoni, na mvua ikikolea hapavukiki. Babu anasema aliwahi kulala pale siku tatu na kuku wa zawadi, siku ya nne kuku wakaliwa. Wenye uwezo walisubiri meli, miaka ya tisini ilikuwapo MV Canadian Spirit. Daraja, karibu kilomita moja, lilifunguliwa 2003, mwaka niliozaliwa mimi. Hata hivyo kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kilomita 60 hivi, kilibaki tope na vumbi miaka mingi baadaye.

Mgeni akauliza, na uhuru je? Serikali yetu wenyewe ilikuwa wapi? Babu akanyoosha mkono kuelekea Ruvuma. Kuanzia 1964 mpaka 1974 ng'ambo ile ilikuwa vita, Frelimo na Wareno, na huku ndiko wapiganaji na wakimbizi walikopokelewa. Frelimo walikuwa na hospitali yao Mtwara, waliipa jina la Américo Boavida, daktari wa Angola. Mimi naona hii ni sehemu tunayoisoma haraka mno darasani. Tunasema Tanzania ilikomboa kusini mwa Afrika, sawa, lakini kwa miaka kumi waliolala na masikio wazi walikuwa watu wa mpakani.

Kuhusu gesi sikutaka kuongea, mgeni ndiye aliyeuliza. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Mei 2013, bajeti ya nishati iliposomwa bungeni na bomba la kwenda Dar likathibitishwa, Mtwara ikawaka, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Nilikuwa darasa la tatu, nakumbuka tuliambiwa tusitoke nje. Dar walituita wabinafsi. Sasa mtu aliyekwisha kuona reli inang'olewa, ukimwambia gesi inasafirishwa, unategemea apige makofi? Bomba lilikamilika 2015, kilomita zaidi ya 500. Gesi haikulala Ndundu hata usiku mmoja.

Jamaa akanyamaza kidogo, halafu akasema sasa si barabara ipo, hayo yameisha. Nikamkumbusha Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya. Maji yalikata barabara maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama siku kadhaa, na waliokuwa na haraka ya kwenda Mtwara wakazunguka Songea. Ramani mnayo, angalieni wenyewe hiyo safari.

Haya, niishie hapa, saa kumi nina diskasheni.