Watu Wasioruhusiwa Kuchoka

Ukitoka Karatu, lami inakwisha kwenye lango la Lodoare. Kuanzia hapo barabara inapanda katikati ya msitu na ukungu hadi ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na huko juu kuna piramidi ndogo ya mawe. Ni kaburi la Michael Grzimek, Mjerumani aliyefariki Januari 10, 1959 akiwa na miaka 24. Maandishi ya kaburini yanasema alitoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya wanyamapori wa Afrika, hata uhai wake.

Michael na baba yake Bernhard, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, walikuwa wakihesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani, kwa ndege ndogo iliyopakwa milia kama pundamilia. Siku ile kijana alirusha ndege peke yake. Iligongana na tai, ikaanguka.

Kinachofuata ndicho kinachosifiwa zaidi. Kabla mwaka haujaisha, baba alikuwa ameshatoa kitabu na filamu ya Serengeti. Mwaka 1960 filamu hiyo ikashinda tuzo ya Oscar. Bernhard alipofariki mwaka 1987, majivu yake yaliletwa na kuzikwa kando ya mwanawe. Tunasimulia haya kama ushindi, na ni ushindi kweli. Lakini katika simulizi hiyo hakuna anayeuliza baba huyo aliomboleza lini, au ni nani aliyekaa naye usiku kazi ilipokwisha.

Mwaka uleule, Ngorongoro ilitenganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Na Julai 17, huko Olduvai, Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus likichungulia kutoka ardhini. Mumewe, Louis, alikuwa kambini, mgonjwa kitandani. Simulizi inayopendwa ni kwamba aliposikia habari aliruka kitandani na ugonjwa ukasahaulika. Hapo pia funzo ni lilelile: kwa mtu hodari, kazi ndiyo dawa.

Je, tiba ya akili ilikuwa wapi wakati huo? Lutindi, milima ya Usambara, wamishenari wa Kijerumani walikuwa wakipokea wagonjwa wa akili tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1927 Waingereza walifungua Mirembe, Dodoma. Hospitali hizi zilikuwa za mtu aliyekwisha kuwashinda watu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana hadi leo jina la Mirembe ni kejeli: ukitenda kioja, utaambiwa upelekwe huko. Aliyeamka asubuhi, akavaa tai na kufika ofisini kwa wakati, huku ndani amebomoka, hakuwa na mlango wa kuingilia.

Isipokuwa kama alikuwa Mzungu. Madaktari wa kikoloni wa Afrika Mashariki walikuwa na jina la ugonjwa wa maofisa wao: nurasthenia ya kitropiki, yaani uchovu wa neva. Dalili zake zilikuwa kukosa usingizi, hasira za ghafla, kusahau, huzuni isiyo na sababu. Lawama walilitupia jua, na katika nyanda za juu waliulaumu hata mwinuko. Sayansi yake ilikuwa dhaifu, na ndani yake mlikuwa na imani kwamba ubongo wa Mzungu ni laini kuliko wa wengine. Lakini ofisa aliyepewa jina hilo aliweza kupewa likizo na kupanda meli kurudi kwao, bila kuitwa kichaa. Karani Mwafrika aliyepiga chapa barua zake hakuhesabiwa kuwa na neva za kuchoka.

Baada ya Uhuru mwaka 1961, Waafrika walikalia viti vile. Jina la ule uchovu liliondoka na meli. Mwaka 1974, Herbert Freudenberger, mwanasaikolojia wa New York, aliandika kuhusu wahudumu wa kliniki wanaoishiwa nguvu kwa sababu wanajituma mno. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani likautaja uchovu huo, katika orodha yake mpya ya magonjwa, kama jambo linalotokana na kazi. Tanzania nayo ilitunga Sheria ya Afya ya Akili mwaka 2008. Lakini sheria haifuti kejeli.

Leo hodari wa Karatu ni mwongoza watalii. Anajua ndege kwa majina yao ya Kiingereza na ya kisayansi, anaendesha gari kutwa nzima kwenye vumbi, na jioni bado anatabasamu, kwa sababu tipu inategemea tabasamu. Mwaka 2020, korona ilipofunga viwanja vya ndege vya dunia, kazi hiyo ilipotea ndani ya wiki chache. Kuhusu uchumi tulisoma mengi. Kuhusu mwanaume aliyezoeleka kuwa tegemeo la ukoo, sasa ameketi sebuleni mchana, tulisema tu kwamba amepumzika.

Swali la historia hapa si kama Waafrika huugua sonona. Ni nani aliyepewa ruhusa ya kusema amechoka bila kupoteza heshima na mkate wake. Wakoloni walijipa wenyewe. Sisi tunaotoka chuo na vyeti, tukitarajiwa kusomesha wadogo zetu na kujenga nyumbani, bado hatujapeana.