Mbona umepiga shati tu? Kamera mpya, Turiani na kadi ya Shirley

Wadau, kamera yangu ya kwanza ya dijitali niliizindua Turiani. Ukitoka Morogoro unaacha barabara ya Dodoma pale Magole, unaingia kulia, milima ya Nguru inakuja mbele yako na mashamba ya miwa ya Mtibwa yanaanza. Wapenda soka mnapajua: nyumbani kwa Mtibwa Sugar, mabingwa wa Bara 1999 na 2000.

Nilifuata wakata miwa. Miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa ili majani makavu yaondoke, kwa hiyo mkataji hutoka shambani amejaa masizi. Saa saba mchana, jua la utosi. Nikapiga vile vile nilivyozoea na kamera ya mkanda ya mjomba. Mzee mmoja akaomba aone, nikamgeuzia kioo. Anga jeupe pe, shati lipo, uso hakuna.

"Sasa mwanangu, mbona umepiga shati tu? Mimi niko wapi?"

Nilichemsha, tena mbele za watu.

Kipima mwanga cha kamera hakijui mtu. Kinapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu na kudhani kwamba ukichanganya vyote utapata kijivu cha wastani, ile asilimia 18 ya vitabuni. Anga likijaa kwenye picha, kamera inapunguza mwanga na uso unazama. Likijaa shamba lililoungua, inaongeza mwanga na shati linaungua nalo. Mkanda wa negativu ulisamehe, hasa mwanga ulipozidi, na kilichobaki fundi wa studio alikirekebisha wakati wa kusafisha picha. Kwenye dijitali, sehemu ikishakuwa nyeupe kabisa hairudi. Kumbe miaka yote nilikuwa naishi kwa hisani ya fundi!

Ila fundi naye alikuwa na mwalimu wake. Kuanzia miaka ya 1950 Kodak waligawa kwa maabara kadi yenye picha ya dada wa Kizungu, maarufu kama kadi ya Shirley, jina la mwanamitindo wa kwanza. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imekaa sawa. Ngozi yetu haikuwemo kwenye hesabu. Kodak walikuja kuboresha filamu zao zione vizuri rangi za giza, na kwa mujibu wa utafiti wa Lorna Roth wa Canada, waliosukuma jambo hilo miaka ya 1970 ni watengenezaji wa chokoleti na samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri. Chokoleti, jamani! Jean-Luc Godard, yule mtengeneza filamu wa Ufaransa, alipokwenda Msumbiji miaka ya 1977 na 1978, aligoma kutumia filamu ya Kodak, akisema ni ya kibaguzi.

Nisieleweke vibaya. Uso wa yule mzee sikuupoteza kwa sababu ya Shirley, niliupoteza kwa uvivu wangu. Seydou Keïta alifungua studio Bamako mwaka 1948, akapiga maelfu ya watu uani kwake kwa mwanga wa jua, na hakuna aliyegeuka kivuli. Ni kweli alitumia filamu nyeusi na nyeupe, lakini pia alijua amweke wapi mtu. Hata hivyo mambo ya Shirley hayakuisha na mikanda: mwaka 2021 Google walipotoa Pixel 6, waliitangaza kama habari kubwa kwamba kamera yake inatenda haki kwa ngozi nyeusi.

Kesho yake nilirudi saa kumi na moja jioni. Nikamwomba mzee asimame chini ya mwembe, mgongo kwenye majani badala ya anga. Nikaweka kipimo cha nukta moja, nikapima shavu lake peke yake. Hapo kuna mtego: kamera inataka kulifanya shavu hilo kijivu, mtu anatoka amepauka. Nikatumia kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, nikashusha nusu hatua, kisha nikaangalia grafu ya mwanga kama haijagonga ukuta wa kulia.

Mzee akashika kamera kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda.

"Nisafishie mbili," akasema. "Moja nitampelekea dada yangu Dumila."