Manusura, Si Mshindi

Kimepita Kibokoni na Kuze, hapa Mombasa, kijitabu cha kueleza haki za wenye saratani, na kila penye mtu aliyekwisha kutibiwa kimeandika "mshindi wa saratani". Naambiwa neno hilo limepitishwa na kamati. Kamati hiyo ililetewa pendekezo langu kwa maandishi, wala haikujibu hata kwa mstari mmoja. Basi nalitetea hapa, mbele ya wenye lugha.

Neno ni manusura. Limetokana na mansur ya Kiarabu, na shina lake ni nuni, sadi na ra, ambalo mtoto wa chuoni hulisikia mapema, kwa kuwa Sura ya 110 ya Kurani inaitwa Nasr. Limo katika majina ya majirani zetu, akina Nasoro, Nasra na Mansuri, na katika Ansari, watu wa Madina waliompokea Mtume na kumsaidia. Waswahili tulilipokea tukalinyumbua wenyewe: kunusuru, kunusurika, nusura.

Lakini uzito wa neno uko katika umbo lake. Nasir ndiye anayenusuru. Mansur ni aliyenusuriwa. Huyu ni mtendwa, na mtendwa hakosi mtenda. Hata nasr yenyewe ni ushindi uliokuja kwa msaada, kwa hivyo anayeutaka ushindi ataukuta humu humu. Anayesema manusura amekwisha kutaja, bila kuongeza neno, kwamba kuna aliyenusuru na anayepaswa kuendelea kunusuru. Hiyo ndiyo kazi ninayotaka neno lifanye ndani ya sheria.

Mshindi hamdai mtu. Amekwisha kushinda, anarudi kwake. Na dada yake aliyelazwa wodi hiyo hiyo, akatumia dawa hizo hizo, akafariki, tumwite mshinde? Sijui waliokaa mezani kulipitisha neno hili kama walijiuliza hilo. Mimi nimezika watu wa ugonjwa huu, na sitakubali waitwe hivyo hata kwa kudokezwa.

Wako wasemao kuwa manusura ni wa ajali tu. Feri ya Mtongwe ilipozama Aprili 29, 1994, wakafa watu zaidi ya 270, waliookolewa tuliwaita manusura, na hakuna Mmvita aliyewaita washindi wa bahari. Neno lililotosha siku ile litatosha Makadara, kwenye kliniki ya saratani ya Hospitali Kuu ya Pwani.

Wapinzani wangu wengine wanapenda "maisha baada ya saratani". Hayo ni maelezo, si istilahi, na hiyo "baada" inapotosha. Daktari Fitzhugh Mullan wa Marekani, aliyeugua saratani mwenyewe, aliandika mwaka 1985 kwamba kunusurika huanza siku mgonjwa anapoambiwa ugonjwa wake. Mwenye saratani ya titi huenda akameza vidonge vya homoni miaka 5 hadi 10 baada ya upasuaji. Mkono huweza kumvimba tezi za kwapa zikiondolewa. Hali hiyo yote naiita unusura. Mkakati wa taifa wa saratani wa Kenya wa 2017–2022 uliiweka katika nguzo moja na matibabu na huduma shufaa, lakini nguzo isiyo na jina kwa Kiswahili haidaiwi na mama wa Kibokoni.

Kwa matumizi: manusura huyu, manusura hawa, huduma za unusura. Wala tusimwite mhanga; neno hilo tuwaachie wanaojitoa mhanga.

Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Saratani ya 2012 inamkinga "mtu mwenye saratani" asibaguliwe. Aliyemaliza tiba, ambaye vipimo havioni kitu, mwajiri anaweza kudai si mwenye saratani tena, hivyo kinga hiyo haimhusu. Ufaransa tangu 2022 haimlazimu mkopaji wa nyumba kuieleza bima saratani yake ikiwa miaka 5 imepita tangu amalize tiba. Kwetu, sheria ya 2012 itakaporekebishwa, nataka kifungu cha tafsiri kimtaje manusura kwa jina lake, tangu siku ya kuambiwa ugonjwa hadi mwisho wa umri wake, na kifungu kinachofuata kiwataje wanaopaswa kumnusuru: hospitali ya kaunti kwa uchunguzi wa kila mwaka, Mamlaka ya Afya ya Jamii kwa gharama zake, na mwajiri kwa kumhifadhia kazi yake.