Uwanja Uliotwaliwa na Askari: Historia ya Chama cha Mpira cha Crossmaglen

 

Leo tutakwenda mbali, hadi Ulaya, katika nchi ya Ireland. Huko kuna mji mdogo uitwao Crossmaglen, katika kaunti ya Armagh, karibu kabisa na mpaka unaogawa Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland. Tutasikia habari za chama cha mpira. Pengine utauliza: mpira utatusaidia nini sisi tuliokimbia? Ngoja kidogo, usikilize.

Mpira wao si huu tunaoujua. Unaitwa mpira wa Kigaeli. Kila timu ina watu 15. Wanacheza kwa mikono na kwa miguu, na miti ya goli imesimama kama herufi H. Ukiingiza mpira wavuni unapata pointi tatu, ukiupitisha juu ya mti wa katikati kwa kawaida unapata pointi moja. Jambo kubwa ni hili: wachezaji hawalipwi mshahara. Kwa kawaida kila mmoja anachezea parokia yake, pamoja na watoto wa majirani. Shirika linalosimamia mchezo huo, GAA, lilianzishwa mwaka 1884. Chama cha Crossmaglen Rangers kilizaliwa mwaka 1887.

Ireland iligawanywa mwaka 1921, na Crossmaglen ikabaki upande wa Uingereza, ingawa wenyeji wake wengi walitaka kuwa pamoja na Ireland nzima. Mwishoni mwa miaka ya 1960 vita vikawaka. Kwa miaka 30 watu wapatao 3,500 waliuawa. Katika eneo la Crossmaglen wapiganaji wa IRA walikuwa na nguvu, na askari wengi wa Uingereza waliuawa huko. Raia nao waliishi katikati ya bunduki mbili.

Katika miaka ya 1970 jeshi la Uingereza lilijenga kambi yake kando ya uwanja wa Crossmaglen, likatwaa na sehemu ya uwanja wenyewe. Helikopta zikawa zinashuka na kupaa juu ya vichwa vya wachezaji. Vijana wakienda mazoezini walisimamishwa njiani na kupekuliwa. Wewe uliyepita kwenye vizuizi vya barabarani unajua moyo unavyokuwa wakati ule.

Je, walifanya nini? Hawakukihamisha chama. Walicheza palepale, kando ya kambi, mwaka baada ya mwaka. Ardhi yao waliendelea kuidai kwa kinywa na kwa kalamu. Na watoto waliendelea kufundishwa mchezo.

Mwezi wa Februari 1997 usitishaji wa vita ulikuwa umevunjika, na askari mmoja kijana wa Uingereza aliuawa hukohuko kusini mwa Armagh. Mwezi uliofuata, tarehe 17 Machi 1997, Crossmaglen walishinda kombe la vyama vya Ireland nzima kwa mara ya kwanza. Wakalitwaa tena mwaka 1999, 2000, 2007, 2011 na 2012. Makombe sita kwa mji mdogo! Katika kaunti yao walishinda miaka 13 mfululizo, tangu 1996 hadi 2008.

Kocha wa ushindi ule wa kwanza alikuwa Joe Kernan, mtoto wa palepale. Yeye mwenyewe alikuwa ameichezea Armagh katika fainali ya mwaka 1977, wakashindwa. Mwaka 2002 aliiongoza Armagh katika fainali nyingine, wakicheza na Kerry. Kipindi cha kwanza Oisín McConville, kijana wa Crossmaglen, alikosa penalti. Wakati wa mapumziko Kernan aliwaonyesha wachezaji zawadi ndogo aliyopewa mwaka 1977 kama mshindwa, akaitupa ukutani ikavunjika. Kipindi cha pili McConville yuleyule alifunga goli, na Armagh wakashinda kwa pointi moja. Lilikuwa kombe lao la kwanza. Aliyekosea hakufukuzwa; alipewa mpira tena.

Lakini, wapendwa, kombe peke yake halileti amani. Mapatano yalitiwa sahihi tarehe 10 Aprili 1998. Baada yake minara ya askari ikabomolewa, chama kikarudishiwa ardhi, na mwaka 2007 operesheni ya jeshi ikamalizika.

Na GAA nao walikuwa na la kutengeneza. Kanuni yao ilikataza polisi wa Ireland ya Kaskazini na askari wa Uingereza kuwa wanachama. Mwaka 2001 mkutano ulipiga kura kuifuta. Kaunti nyingi za kaskazini zilikataa, kwa kuwa vidonda vyao vilikuwa bado vibichi. Hata hivyo kanuni ilifutwa, na mwaka uliofuata timu ya polisi wa kaskazini ilicheza mpira wa Kigaeli na polisi wa Jamhuri.

Sasa wewe baba, wewe mama uliye kambini: shamba lako likitwaliwa, usiache kulidai, ila lidai kwa kinywa na kwa mashahidi. Waambie watoto jina la kijiji chao na mipaka ya shamba. Wape kazi ya kufanya pamoja, hata kama ni mpira wa majani ya migomba.

Nawe kiongozi, jiulize: katika barza letu kuna kanuni gani inayomfungia mlango jirani? Ni nani atakayethubutu kuifuta, hata kama watu wake watanung'unika?

Kidole kimoja hakivunji chawa. Zungumzeni juu ya maneno haya jioni hii, ninyi na majirani zenu. Kwaherini, mbaki na amani.