Funguo za Metroni

Asubuhi ya wodi katika hospitali ya serikali huanza na kuhesabu, kabla daktari hajafika. Muuguzi aliyekesha na mwenzake anayeingia zamu husimama mbele ya kabati dogo lenye kufuli, ambalo ndani yake mna kisanduku chenye kufuli lake. Humo hukaa pethidini na mofini, dawa kali za kutuliza maumivu. Vichupa huhesabiwa kimoja kimoja, kisha rejista hupitiwa mstari kwa mstari: jina la mgonjwa, kipimo, saa, sahihi ya aliyechoma sindano na sahihi ya aliyeshuhudia. Hesabu ikikubali, funguo huhamia mfuko mwingine. Ikipungua kichupa kimoja, aliyekesha hatoki, na kabla jua halijapanda ameshaambiwa aandike barua ya kujieleza.

Barua hiyo hufika kwanza mezani kwa muuguzi ambaye huenda hajagusa sindano tangu mwezi uliopita. Kwenye karatasi za serikali huyu ni muuguzi mfawidhi, lakini wodini wengi bado humwita metroni. Yeye ndiye anayepanga zamu, kufuatilia ikama, kugawa likizo, kudai mashuka stoo, kusikiliza malalamiko ya ndugu wa wagonjwa na kupitisha kidole juu ya dirisha kuona kama vumbi limefutwa. Mgonjwa anaweza kulazwa wiki mbili akaruhusiwa kurudi nyumbani bila kumjua jina, ingawa shuka alilolalia, uji alioletewa na mtu aliyemwamkia usiku vyote vilipita mikononi mwa huyu asiyemjua.

Kazi hii ilifika pwani ya Afrika Mashariki kwa meli. Mwaka 1887 Mjerumani Frieda von Bülow alishuka Unguja pamoja na muuguzi Bertha Wilke, wakiwa wametoka kwenye chama cha wanawake kilichotaka kupeleka uuguzi katika makoloni. Von Bülow alikuwa mratibu: shabaha yake ilikuwa kuanzisha vituo, na Wilke ndiye aliyeijua kazi ya mgonjwa kitandani. Mwaka uliofuata von Bülow alirudi Ujerumani, akawa mtunzi wa riwaya za makoloni. Lakini kuwapo kwa wawili hao kulikuwa kumeshaonyesha kwamba uuguzi una kazi mbili, ya mkono na ya mpango.

Dar es Salaam ya Wajerumani ilijenga hospitali kwa rangi ya ngozi. Ile ya Ocean Road, iliyokamilika mwaka 1897 ikitazama bahari, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika na Wahindi walitibiwa katika hospitali iliyojengwa kwa fedha za Sewa Haji Paroo, tajiri wa Bagamoyo aliyefariki mwaka huohuo wa 1897. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, waliurithi mgawanyo huo pamoja na majengo yake.

Na wodini kwa Waafrika nani aliuguza? Wanaume, kwa sehemu kubwa. Waliitwa madresa, kwa sababu kazi yao ya kwanza ilikuwa kusafisha na kufunga vidonda. Wasichana waliosoma vya kutosha walikuwa wachache, na wazazi wengi hawakuwa radhi kuona binti yao akiogesha mwili wa mwanamume asiyemjua. Dresa alifunga kidonda, alichoma sindano, alitafsiri maneno ya daktari, na katika vituo vya vijijini vilivyoenea kuanzia miaka ya 1920 mara nyingi alikuwa peke yake. Pamoja na hayo yote, hakuna aliyefikiria kumpa funguo za hospitali. Cheo cha kuzishika kilikuwa na jina la Kiingereza, na jina hilo lilikuwa la mwanamke.

Cheo chenyewe kilikuwa kimetoka kufinyangwa upya huko Uingereza. Kwa muda mrefu metroni wa hospitali ya Kiingereza alikuwa msimamizi wa nyumba, mwenye kuangalia jiko, mashuka na watumishi wa kike. Florence Nightingale, aliyerudi kutoka vita vya Krimea akiwa na jina kubwa, alikitaka cheo hicho kwa kazi nyingine. Mwaka 1860 chuo cha uuguzi kilichobeba jina lake kilifunguliwa katika Hospitali ya St Thomas, London, chini ya metroni Sarah Wardroper. Msimamo wa Nightingale ulikuwa kwamba muuguzi aongozwe na muuguzi mwenzake, daktari aamue tiba, na mambo yote ya wauguzi yafike kwa mtu mmoja mwenye mamlaka kamili.

Mwaka mmoja kabla, katika kitabu chake kuhusu uuguzi, alitenga sura nzima kwa uendeshaji wa mambo madogo. Hoja yake ilikuwa kwamba muuguzi hodari akishatoka mlangoni uhodari wake haumsaidii mgonjwa tena, isipokuwa awe amepanga mapema kila jambo lifanyike vilevile akiwa hayupo. Rosta ya zamu, daftari la makabidhiano, orodha ya vifaa ukutani na rejista ya kabati la pethidini ni njia mbalimbali za kuifanyia kazi hoja hiyo.

Mwaka 1896 Waingereza walianzisha chama cha kuajiri wauguzi kwa ajili ya makoloni, kwa juhudi za Mabel Piggott, mwanamke aliyekuwa ameishi Mauritius na kuona shida ya kupata muuguzi ugenini. Chama hicho kilidumu hadi 1966, na metroni wengi wa hospitali za serikali katika makoloni walipitia mikononi mwake. Walikuja kwa mkataba wa miaka michache, na hospitalini metroni wa namna hiyo alitawala mengi kuliko uuguzi: stoo ya mashuka, jiko, dobi, watumishi wa usafi, na hosteli ya wauguzi wanafunzi pamoja na saa ya kufunga lango lake. Mabinti waliosomea uuguzi miaka ya 1950 waliishi chini ya jicho lake mchana na usiku. Yeye ndiye aliyepima urefu wa gauni, na yeye ndiye aliyetoa ruhusa ya kwenda msibani.

Muongo huo ulibadilisha mengi. Tanganyika ilipata sheria ya kusajili wauguzi na wakunga mwaka 1952, na kuanzia hapo muuguzi akawa mtu mwenye namba, cheti na baraza linaloweza kumwita. Mwaka 1956 Dar es Salaam ikafungua hospitali mpya, Princess Margaret, iliyochukua nafasi ya ile ya Sewa Haji. Baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili, na jina la tajiri wa Bagamoyo likabaki kwenye mojawapo ya majengo yake ya wodi, ambako hadi leo ndugu wa mgonjwa huelekezwa, “Nenda Sewa Haji.”

Wapo walioukataa mpango huo wa rangi na madaraja wakiwa ndani yake. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, alisomea uuguzi lakini hakutaka kuifanya kazi hiyo chini ya serikali ya kikoloni. Akaingia katika siasa za TANU, chama kilichopigania uhuru, akasoma Ruskin College, Oxford, na baadaye akawa mbunge na waziri mdogo. Moja ya wizara alizotumikia ilikuwa ya Afya. Binti ambaye angeweza kusubiri miaka mingi kabla ya kukaribishwa kwenye ofisi ya metroni alifika kwenye meza iliyokuwa juu ya metroni wote wa nchi.

Uhuru ulipofika Desemba 1961, madaktari Waafrika waliosajiliwa Tanganyika hawakufika 20. Habari hiyo imesimuliwa mara nyingi. Ya metroni haisimuliwi sana, lakini uzito wake ulikuwa huohuo, kwa kuwa Mwingereza anayefunga sanduku lake huondoka na utaratibu wote uliokuwa kichwani mwake: wapi pa kuagiza mashuka, nani hapangwi zamu moja na nani, stoo ibaki na sabuni kiasi gani. Waafrika walioshika nafasi hizo walikuwa wamefundishwa kuuguza. Kuendesha hospitali ilibidi wajifunze wakiwa tayari wanaiendesha.

Nairobi ililiona pengo hilo mapema. Hospitali yake kuu ilianza mwaka 1901 ikiwa na vitanda 40, ikaitwa King George VI mwaka 1952, kisha ikapewa jina la Kenyatta baada ya uhuru. Mwaka 1968 kitivo cha tiba cha Nairobi kilianzisha mafunzo ya juu kwa wauguzi wenye uzoefu, wale waliotarajiwa kuongoza na kufundisha wenzao. Kizazi hicho ndicho cha Eunice Muringo Kiereini, Mwafrika wa kwanza kuwa Muuguzi Mkuu wa serikali ya Kenya. Kuanzia 1981 hadi 1985 aliongoza Baraza la Kimataifa la Wauguzi, chombo kilichoundwa mwaka 1899, na hakuna Mwafrika aliyekuwa amekalia kiti hicho kabla yake.

Wakati wanawake wa Afrika Mashariki wanakabidhiwa funguo, kule zilikotoka zilikuwa zinagawanywa. Mwaka 1966 kamati iliyoongozwa na Brian Salmon ilipendekeza Uingereza iachane na metroni na kuweka ngazi za maofisa wauguzi. Jiko likapata meneja wake, usafi ukapata wake, dobi nalo lake.

Tanzania iliifikia njia hiyo kwa mwendo wake. Baada ya Azimio la Arusha, zahanati na vituo vya afya vilienea vijijini, na uendeshaji ukahitaji watu waliosomea uendeshaji. Ndipo akaja katibu wa afya, kada ambayo kwa miaka mingi imeandaliwa Mzumbe: huyu akashika majengo, magari, mikataba na mambo ya watumishi. Mhasibu akashika fedha, na mfamasia akashika stoo ya dawa. Siku hizi usafi na ulinzi katika hospitali nyingi hupewa wazabuni, kwa hiyo mfagiaji wa wodini analipwa na kampuni ambayo muuguzi mfawidhi hana barua ya kuiamrisha. Funguo zimepungua, lakini hakuna aliyempunguzia maswali. Sakafu ikiwa chafu, kiongozi anayetembelea hospitali hamtafuti mzabuni. Humgeukia muuguzi aliye karibu.

Makaratasi yakajaza nafasi ya funguo. Mwaka 1993 serikali ilianza uchangiaji wa gharama katika hospitali zake, na wodi iliyokuwa imezoea kutoa huduma bure ikawa na risiti, misamaha na wagonjwa wanaotoroka bila kulipa. Miaka hiyohiyo ukaenea MTUHA, Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na vitabu vyake vipana vinavyolaliana mezani. Muuguzi wa Tanzania huvitaja kwa namba kama mtu anayetaja watoto wake: kitabu namba 6 ni cha wajawazito, namba 12 ni cha waliojifungua. Safu moja ikiachwa wazi usiku, mwisho wa mwezi jumla hazitakubaliana, na muuguzi mfawidhi ataketi na rula akitafuta mama mmoja aliyejifungua bila kuandikwa. Mwaka 2001 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipoanza kazi, fomu zake zikaongezwa juu ya hivyo vitabu.

Hata hivyo kuna jambo ambalo metroni wa mwaka 1956 angelitambua mara moja. Mwaka 2007 Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ilianza kujaribu mbinu ya Kijapani ya kupanga sehemu ya kazi, iliyokuja kwa msaada wa shirika la JICA. Mbinu hiyo husimama juu ya maneno matano yanayoanza na S, na wataalamu waliyatafutia Kiswahili chenye S zilezile: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Mbinu ikasambaa hospitali nyingine. Droo zikaandikwa majina, vitu vibovu vilivyojazana stoo vikatolewa nje, mafaili yakapangwa kwa rangi. Aliye zamu saa nane za usiku akikuta mpira wa dripu pale ulipoandikwa kuwa utakuwepo, hana haja ya kumpigia mtu simu.

Kazi ngumu kuliko zote bado inafanyika kwa penseli. Rosta ya mwezi ni jedwali la majina upande mmoja na siku upande wa pili, na kila kisanduku kina herufi: asubuhi, jioni, usiku, mapumziko. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza mjamzito kupangiwa kazi ya usiku miezi miwili kabla ya tarehe ya kujifungua, na mzazi kwa miezi miwili baada yake. Anayenyonyesha ana haki ya kutoka kwa saa zisizozidi mbili kwa siku. Kuna aliyeomba Ijumaa, kuna wa Jumapili, kuna anayesoma chuo jioni, na kuna wawili ambao ukiwapanga pamoja wodi haitalala. Ikama inasema kumi, waliopo ni sita. Rosta hubandikwa, na kabla gundi haijakauka mtu ameshasimama mlangoni na sababu yake.

Uingereza ilimrudisha metroni mwaka 2001, baada ya wagonjwa kulalamika kwamba wodi hazina mwenyewe. Tanzania haikuwa na haja ya kumrudisha, kwa sababu mdomoni mwa watu hakuwahi kuondoka. Kilichobadilika ni kibao cha mlangoni. “Mfawidhi” ni neno lenye asili ya Kiarabu, la mtu aliyekabidhiwa mamlaka na mwingine, na mahakama inalo pia katika hakimu mfawidhi. Halina jinsia. Chini yake ameingia pia muuguzi wa kiume, ambaye wodini huitwa patroni, mrithi wa yule dresa aliyefunga vidonda miaka mia moja iliyopita. Kibao hakimtaji kuwa mwanamume wala mwanamke. Mama aliyekuja kulalamikia uji wa mwanawe hukisoma, hubisha hodi, huulizia kama metroni yupo, na mwanamume mwenye miwani aliyeinamia rosta humwambia apite ndani.