Kona nane za chuma zilizobadili biashara ya dunia

Mwaka 1954, meli iliyoitwa Warrior ilipakia tani 5,015 za mizigo Brooklyn, New York, ikaelekea Bremerhaven, Ujerumani. Watafiti waliotumwa kuifuatilia walihesabu kila kilichoingia ngamani: magunia, katoni, mapipa, marobota, hata magari. Jumla ilikuwa vitu 194,582. Makuli walivipanga kwa mikono na kuvifunga kwa mbao na kamba za zaidi ya dola 5,000 ili visiyumbe njiani.

Kuvuka Atlantiki kulichukua siku 10 na nusu. Kupakia kulikuwa kumekula siku 6, moja ikipotea kwa mgomo, na kupakua kulichukua siku 4 nyingine. Hesabu ya mwisho ilionyesha kuwa kazi za bandarini zilimeza takriban asilimia 37 ya gharama zote, ilhali safari ya baharini haikufika hata asilimia 12. Meli yenye kasi zaidi isingesaidia kitu. Fedha zilikuwa zinapotelea gatini.

Aliyeliona hilo na kulifanyia kazi alikuwa tajiri wa malori. Malcom McLean wa North Carolina alianza na lori moja miaka ya 1930 akajenga kampuni kubwa ya usafirishaji. Wazo lake la kwanza lilikuwa kuingiza tela nzima melini zikiwa na mizigo yake, ziepuke misongamano ya barabara za pwani. Kisha akaona magurudumu yanakula nafasi bure, akaamua yabaki nchi kavu na bodi peke yake isafiri. Mwaka 1955 alinunua kampuni ya meli ya Pan-Atlantic. Tarehe 26 Aprili 1956, meli ya mafuta ya enzi za Vita vya Pili vya Dunia, Ideal-X, iling'oa nanga Newark, New Jersey, kwenda Houston, ikiwa na makontena 58 sitahani. Kreni ilipakia kontena moja kila dakika 7, na kazi nzima haikufikisha saa 8. Kupakia tani moja kwa mtindo wa zamani kuligharimu dola 5.83; kwa makontena, gharama ilishuka chini ya senti 16.

Masanduku ya kusafirishia mizigo yalikuwapo tangu zamani, hasa kwenye reli za Ulaya. Kilichokosekana ni namna ya kuyanyanyua na kuyafunga upesi. Hapo ndipo alipoingia Keith Tantlinger, mhandisi wa McLean, aliyebuni kona za chuma. Kontena la leo lina kona nane, nne juu na nne chini, na kila kona ina bonge la chuma cha kusubu lenye matundu. Fremu ya kreni inaposhuka, vichwa vinne vya chuma huingia kwenye matundu ya juu, huzungushwa robo mzunguko, na kontena huwa limenaswa. Kufuli za namna hiyohiyo hulishikilia juu ya kontena jingine au juu ya tela, na tani 30 huhama kutoka melini hadi barabarani bila mtu kufunga kamba hata moja.

Hata hivyo, kila kampuni ilikuwa na kipimo chake. McLean alitumia futi 35, Matson kule Pasifiki futi 24, na kontena la mmoja halikukaa kwenye meli ya mwingine. Kuanzia 1961, kamati ya shirika la kimataifa la viwango, ISO, ilikaa kuzipatanisha nchi. Mwaka 1963 kampuni ya McLean, iliyokuwa imebadili jina na kuwa Sea-Land, ilikubali kona za Tantlinger zitumiwe na wote. Vipimo vilivyoshinda vilikuwa futi 20 na 40. Futi 35 za McLean mwenyewe ziliachwa nje. Makubaliano hayo ndiyo yaliyoliwezesha kontena lililofungwa lakiri Shanghai kushushwa Mombasa au Dar es Salaam na kufika Kampala au Kigali bila kufunguliwa njiani. Bandari kavu ya Embakasi, Nairobi, iliyoanza kazi 1984, ni tunda lake.

Gharama ya mabadiliko haya waliilipa makuli. Kazi yao ilikuwa ngumu lakini ilikuwa na nguvu: walipoweka mizigo chini, mji mzima ulisimama. Zanzibar ilishuhudia hilo mwaka 1948, katika mgomo ambao Shafi Adam Shafi aliujengea riwaya yake *Kuli*. Kreni na makontena viliimaliza nguvu hiyo. Jijini London, magati yaliyolisha familia kwa vizazi yalianza kufungwa miaka ya 1960, na kufikia 1981 yale ya Royal nayo yalikuwa yamefungwa. Kwenye pwani ya magharibi ya Marekani mambo yalikwenda tofauti: mwaka 1960 chama cha makuli kilikubali mashine ziingie, kwa sharti kwamba waajiri watenge mfuko wa kuwalinda wafanyakazi na kuwalipa wanaostaafu mapema.

Leo bandari zinaingiza kreni zinazoendeshwa kwa kompyuta. Historia ya kontena inatuonyesha kwamba mataifa na makampuni hasimu yaliweza kukubaliana hadi upana wa tundu la chuma. Wafanyakazi nao wanastahili kuitwa mezani kwa uzito huohuo, na waitwe kabla mashine hazijafika, kwa sababu baada ya hapo hawatakuwa na cha kudai.